Kitalu Kisicho na Bango: Miche, Ushauri na Huduma ya Bustani ya Nyumbani Walukuba, Jinja

Kila mwaka ifikapo mwishoni mwa Februari, dada yangu anayeishi Uingereza huanza kunitumia picha za bustani iliyo nyuma ya nyumba yake, nami huzitazama kwa wivu ambao sijawahi kufaulu kuuficha. Picha za kwanza huwa za udongo mtupu uliochimbuliwa ukalainika. Za Aprili huwa na mistari ya njegere changa iliyonyooka kana kwamba imepigwa kwa rula. Ikifika Julai kuna letasi, karoti, vitunguu vikubwa kama ngumi, na kikapu kilichowekwa pembeni kwa makusudi ili kionekane. Kwao huo ndio mwaka unaoanzia majira ya kuchipua, ambayo siku hizi programu za tafsiri huyaita "majira ya chemchemi", jina ambalo kwa mkaazi wa Jinja, mji wa Uganda ulio penye chanzo cha Mto Nile, linaleta picha nyingine kabisa. Niliitamani bustani hiyo hiyo katika uwanja wangu wa mita sita kwa tisa huko Walukuba, nikaijaribu kwa miaka minne kwa kufuata maelekezo ya dada yangu, na matokeo yake yalikuwa aibu tupu. Mwaka huu mwanzoni mwa Machi nilikwenda kuomba msaada kwenye kitalu cha miche kilicho kando ya barabara ya kwenda Masese, na ninayoandika hapa ni tathmini ya miche niliyoinunua hapo, ya ushauri niliopewa, na ya huduma yao ya kuja nyumbani kumtengenezea mteja bustani, kama nilivyovishuhudia kwa muda wa miezi mitano.

Kitalu chenyewe hakina bango wala jina. Utakitambua kwa neti nyeusi ya kivuli iliyotandazwa juu ya nguzo za mikalitusi, na kwa jerikani za njano zilizopangwa mlangoni zikingoja maji. Mwenye nacho ni mama wa makamo ambaye wateja wote humwita Mama tu, na wasaidizi wake ni vijana wawili wanaojua kazi kuliko wanavyopenda kuizungumza. Lugha za hapo ni Kisoga, Kiganda na Kiswahili. Walukuba ni mtaa uliojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi waliotoka kila pembe, kwa hiyo Kiswahili hakijawahi kuwa mgeni humo, na maelezo yote niliyapata kwa lugha ninayoiota. Ninalihesabu jambo hilo kuwa sehemu ya huduma, kwa sababu nimewahi kununua dawa ya mimea dukani na kurudi nayo nyumbani nikiwa sijui kama ni ya kunyunyizia majani au ya kumwagia shinani.

Siku ya kwanza nilikwenda na pakiti ya mbegu za vitunguu ambazo dada yangu alinipa alipokuja likizo. Mama aliipokea, akavaa miwani, akaigeuza nyuma na mbele, kisha akaniuliza: "Mwalimu, hivi vilikupa majani matupu, sivyo?" Nilikubali kwamba ndivyo ilivyokuwa. Mwaka uliotangulia nilivipanda kwa mistari, nikavipalilia kwa mikono, nikavingoja hadi Agosti, navyo vikasimama vizuri na majani yake ya kijani yenye shingo nene kama kidole gumba, bila kutunga chochote chini. "Vinangoja mchana mrefu," akasema. "Hapa kwetu vitaungoja mpaka lini?"

Maelezo aliyonipa ndiyo yaliyonifanya nimwamini kwa mengine yote. Kitunguu maji hakianzi kujaza tunguu lake kwa sababu kimeshiba samadi au kwa sababu miezi imetimia. Huanza pale urefu wa mchana unapofikia kiwango ambacho aina yake inakitaka. Aina zinazolimwa Ulaya ya kaskazini huhitaji mchana wa saa 14 hadi 16, na hilo si tatizo kwao, kwa kuwa mwezi Juni mchana wa London hupita saa 16. Jinja iko chini ya nusu digrii kutoka ikweta, na mchana wake ni wa saa 12 na dakika chache, Januari hadi Desemba. Kitunguu cha dada yangu kikipandwa hapa huendelea kuota majani kikisubiri ishara isiyokuja. Ndiyo maana hapo kitaluni utakuta miche ya Red Creole na Bombay Red peke yake, ambazo ni aina za mchana mfupi. Mimi kwa miaka minne nilikuwa nikiilaumu samadi, na mwaka mmoja nilimlaumu hata jirani aliyeniuzia samadi hiyo. (Mama alinikumbusha pia, kwa sauti ya chini, kwamba mbegu za kutoka nje zinahitaji kibali cha Wizara ya Kilimo kabla ya kuingizwa nchini, na kwamba sanduku la dada si kibali.)

Jambo la pili lilinishangaza zaidi, kwa kuwa lilimnyima yeye mwenyewe fedha siku ile. Nilitaka miche 24 ya nyanya, nikiwa na picha za dada yangu kichwani, naye Mama akakataa kuniuzia. Hakukosa miche, ilikuwepo mbele yetu, trei mbili nzima. Alisema kwamba mvua za Machi hadi Mei huku kwetu kando ya ziwa huyaacha majani ya nyanya yakiwa na maji karibu kila asubuhi, na kwamba ukungu wa bakajani hautaki kingine ila hicho: ubaridi kidogo, majani yaliyolowa, na matone yanayoruka kutoka ardhini hadi kwenye majani ya chini. Trei zile zilikuwa oda ya mkulima mwenye pampu ya mgongoni ambaye angepiga dawa kila wiki. "Nyanya za Machi ni za mwenye dawa," alisema. "Wewe njoo Mei. Zikianza kuzaa, mvua itakuwa imepungua, na wewe mwenyewe ndiye utakayekuwa mvua." Mtu yeyote aliyewahi kununua nyanya soko kuu la Jinja wakati wa mvua kubwa, akaona bei inavyopanda na nyanya zenyewe zinavyokuwa na madoa ya kahawia mabegani, atajua kwamba mama huyu hakuwa akibuni.

Kwa hiyo Machi niliondoka na mboga za majani: miche 40 ya sukuma wiki, miche 30 ya kabichi, miche kumi ya pilipili hoho, na mbegu za nakati, dodo (aina ya mchicha) na dania zilizofungwa kwenye vipande vya gazeti. Ilikuwa bustani tofauti kabisa na ile niliyoiota. Hata hivyo ratiba aliyonipa ilikuwa na mantiki ambayo picha za Uingereza haziwezi kuwa nayo, kwa sababu mwaka wetu wa kusini mwa Uganda una milango miwili, mmoja wa Machi na mwingine wa Septemba, na anayekosa mlango wa kwanza hangoji mwaka mzima. Wenzetu wa kaskazini, kule Gulu na Kitgum, wana msimu mmoja mrefu, na ushauri wa Mama usichukuliwe kama ulivyo kupelekwa huko.

Kuhusu ubora wa miche yenyewe, sina lawama isipokuwa moja nitakayoitaja baadaye. Wengi wetu tumezoea miche ya sokoni, ile inayong'olewa kitaluni alfajiri, ikafungwa kwa mafungu ndani ya jani la mgomba, na kufika nyumbani saa nane mchana ikiwa imelala. Hapa miche huoteshwa kwenye trei zenye vishimo, kila mche na nyumba yake. Nilipotaka kuona mizizi, kijana aliubinya upande wa chini wa kishimo kwa kidole, akauvuta mche wa sukuma wiki kwa majani mawili ya chini bila kuligusa shina, na ukatoka na kipande kizima cha udongo chenye umbo la kikombe kidogo, mizizi myeupe ikiwa imekizunguka kama uzi kwenye kigurudumu. Mizizi ilikuwa imejaa bila kuanza kujipinda wala kugeuka rangi ya kahawia, na hiyo ndiyo hali unayoitaka. Shina lilikuwa fupi na gumu. Baadaye niligundua sababu: siku saba za mwisho miche hutolewa chini ya neti, ikawekwa juani, na kupunguziwa maji, ili ikomae kabla ya kukutana na maisha. Kati ya miche 70 ya sukuma na kabichi niliyoipanda, ilikufa mitatu, na mmoja kati ya hiyo ulikatwa na sota, yule kiwavi anayekata miche shinani, usiku wa kwanza kwa sababu nilisahau kuzungushia majivu kama nilivyoelekezwa.

Sasa nije kwenye huduma ya nyumbani, ambayo ndiyo sababu hasa ya kuandika tathmini hii. Kwa shilingi 80,000 za Uganda vijana wawili walikuja kwa siku moja na nusu. Siku ya kwanza hawakugusa jembe hadi mchana. Walikunywa chai, wakatazama. Karibu saa saba kasorobo, ambapo hapa Jinja jua huwa limefika juu kabisa, mmoja wao alisimama katikati ya uwanja, akauliza ukuta wa jirani ulio upande wa kaskazini una urefu gani, nikamjibu kwamba ni kama mita mbili. Nilikuwa tayari kumweleza nilichofundishwa na dada yangu, kwamba bustani nzuri hutazama kusini. Kijana alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akanieleza kwamba ushauri huo ni wa nchi ambazo jua la mchana huwa kusini mwaka mzima. Kwetu jua hulala kaskazini tangu mwishoni mwa Machi hadi Septemba, kisha huhamia kusini miezi inayobaki. Maana yake ni kwamba ukuta ule ungetia kivuli bustanini mwezi Juni, lakini kivuli chenyewe saa ya mchana kisingefika hata mita moja, na ifikapo Desemba kingehamia kwa jirani, huku mfenesi wangu ulio upande wa kusini ukichukua zamu yake. Tuta lililo karibu na ukuta lilipewa dania na vitunguu vya majani, ambavyo havichukii kivuli kidogo, na suala likaishia hapo. Nilifundisha jiografia kwa miaka 27, nikachora mizunguko ya jua ubaoni kila mwaka, na haikuwahi kunijia akilini kuitumia nyuma ya nyumba yangu.

Walitengeneza matuta manne yenye upana wa mita 1.2 kila moja na urefu wa mita saba, na njia za sentimita 40 kati yake. Upana huo una sababu: mtu akichuchumaa upande wowote anafikia katikati bila kukanyaga ndani, na udongo usiokanyagwa hubaki na nafasi ya hewa na maji. Eneo lililobaki mwishoni liliachiwa pipa la maji ya bati na rundo la mboji.

Kwenye samadi ndipo nilipoona umakini wao kwa karibu zaidi. Nilikuwa nimeandaa gunia la kinyesi cha kuku kilichochanganyika na maganda ya kahawa, kama kinavyotoka kwenye mabanda ya kuku huku kwetu, nikiamini nimewaokolea gharama. Kijana alichukua kijiti cha urefu wa mkono, akakichomeka katikati ya gunia, akaenda kuendelea na kazi nyingine, akarudi baada ya muda kama wa kunywa kikombe cha chai, akakichomoa na kunipa nishike. Kilikuwa cha moto. "Hii bado inapika, mwalimu," alisema, na gunia langu likapelekwa kwenye rundo la mboji kungoja wiki zake, kwa kuwa samadi ya namna hiyo ikiwekwa shinani huunguza mizizi. Walitumia magunia manane ya samadi yao iliyokwisha kuoza, nyeusi, isiyo na harufu kali, kwa shilingi 7,000 kila gunia, na juu yake wakatandaza maganda makavu ya kahawa kama matandazo. Mvua za Aprili zilipokuja kwa ghadhabu yake ya kawaida, matuta ya jirani yalipasuka na kuchuruzika hadi njiani. Yangu yalilowa tu.

Baada ya sifa hizo, haki inanitaka niseme yaliyoniudhi, na la kwanza ni udongo mweusi. Pamoja na samadi nilishawishiwa kununua magunia kumi ya udongo huo kwa shilingi 5,000 kila moja, kwa hoja kwamba udongo wangu una changarawe nyingi. Ulikuwa udongo mzuri kwa macho, laini na mweusi kama masizi. Ndani ya wiki tatu matuta yote manne yalitoa ndago, na anayeijua ndago hahitaji maelezo zaidi. Kwa asiyeijua: ni gugu linalofanana na nyasi, lenye shina la pembe tatu, linaloota kutoka kwenye vijitunguu vidogo vyeusi vilivyounganishwa chini kwa chini kama shanga kwenye uzi, na ukivuta majani, uzi hukatika na kila ushanga uliobaki huwa mmea mpya. Nimechimba vijitunguu hivyo tangu Machi, kimoja kimoja, kwa kisu cha jikoni, na bado vipo. Mama hakukana, alisema udongo huletwa na mtu wa lori kutoka bondeni na yeye huununua kama anavyouuza. Jibu hilo halikuniridhisha wakati ule na haliniridhishi sasa. Mtu anayeweza kusoma pakiti ya vitunguu na kujua historia yake anaweza pia kuchekecha gunia moja la udongo kabla ya kuuza kumi. Fedha hazikurudi.

La pili ni dogo, ingawa nyumbani kwangu halikuonekana dogo. Miche sita kati ya kumi ya pilipili hoho ilikuwa pilipili kali. Trei hutambulishwa kwa vipande vya maboksi vilivyoandikwa kwa kalamu, mvua huosha maandishi, na vijana hubahatisha. Tuligundua kosa hilo mezani kupitia mjukuu wangu wa miaka sita, aliyekuwa ameahidiwa kwamba hoho ni tamu. Nilibadilishiwa miche yote sita bila ubishi, lakini msimu ulikuwa umeshakwenda.

Mei nilirudi kwa ajili ya nyanya, kama nilivyoambiwa, nikapewa miche 12 ya Rio Grande na 12 ya Money Maker. Hii ya pili ni aina ya zamani ya Kiingereza, jambo lililonifurahisha, maana nyanya haina ugomvi na urefu wa mchana kama kitunguu na inakaa popote inapopata joto na matunzo. Si kila kitu cha dada yangu kilikuwa kosa. Rio Grande hukua kama kichaka na kujitosheleza kwa vijiti vifupi, ilhali Money Maker hupanda juu na hutaka kusimikiwa mti mrefu na kupunguzwa vichipukizi kila wiki. Walikuja kunionyesha namna ya kuvikata vichipukizi hivyo kwa kucha vikiwa bado vidogo, bila malipo ya ziada.

Katikati ya Juni mche mmoja ulinyauka mchana, ukaamka jioni, ukanyauka tena kesho yake, na siku ya tatu haukuamka. Majani yalikuwa bado ya kijani. Nilidhani ni kiu, nikaumwagia maji, na nafikiri niliwasaidia maadui. Kijana alipokuja aliomba glasi ya maji safi. Alilikata shina karibu na ardhi kwa wembe, akachukua kipande cha urefu wa kidole, akakining'iniza kwa uzi hadi ncha yake ya chini ikazama ndani ya maji, nasi tukakaa kimya tukitazama kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi. Haikupita muda mrefu kabla ya nyuzi nyembamba nyeupe, kama maziwa yaliyotiwa kwenye maji bila kukorogwa, kuanza kushuka polepole kutoka kwenye mkato. Huo ni mnyauko wa bakteria, na hauna dawa. Katika miche 24 nilipoteza tisa.

Nimejiuliza sana lawama hii niiweke wapi. Bakteria hao hukaa ardhini kwa miaka, husafiri na maji yanayotiririka, na pia waweza kuja na miche au na udongo wa kununua. Kwa upande mwingine, mpangaji aliyekuwa nyumba hiyo kabla yangu alilima bilinganya na nyanya pale pale mfululizo, na mimi mwenyewe nilikuwa nimepanda nakati, ambayo ni ya ukoo mmoja na nyanya, katika tuta linalopakana. Hakuna atakayethibitisha chochote. Mama alifika mwenyewe safari hii, akaamuru miche iliyougua ing'olewe pamoja na mizizi na kuchomwa moto badala ya kutupwa kwenye mboji, akataka jembe lioshwe, kisha akanipa miche tisa ya sukuma wiki. "Nyanya sitakulipa, mwalimu, maana sijui nani aliyeileta. Lakini tuta halitakaa wazi." Niliona ni uamuzi wa haki. Ninachowalaumu ni kwamba Machi, walipokuwa wakipima jua na ukuta kwa makini yote yale, hakuna aliyeniuliza mahali pale palikuwa pamelimwa nini kabla. Swali hilo moja lingenigharimu dakika mbili na lingeokoa nyanya tisa, kwa sababu ningeambiwa nizipande tuta jingine, na hapo pa zamani nipande mahindi, maharage au vitunguu hadi ardhi ipumue. Ukienda kwao, usisubiri kuulizwa.

Gharama yote, tangu Machi hadi Julai, ilikuwa shilingi 216,200, bila kuhesabu maji wala mgongo wangu. Daftari langu linaonyesha kwamba hadi mwisho wa Julai tulivuna mboga ambazo kwa bei za sokoni zingetugharimu kama shilingi 170,000, sehemu kubwa ikiwa ni sukuma wiki na nakati, ambayo ilianza kuliwa wiki ya saba na kukatwa tena na tena. Anayetaka bustani irudishe fedha yake ndani ya msimu mmoja atasikitika kidogo, ingawa ukiuondoa ule udongo mweusi wa shilingi 50,000, ambao ulikuwa hasara tupu, hesabu inakuwa imekwisha kulipa. Miche yenyewe ni rahisi: shilingi 200 kwa sukuma na kabichi, 300 kwa nyanya na hoho. Sokoni utapata kwa nusu ya hapo, na utazika nusu yake.

Kwa wasomaji wa Kampala ambao safari ya Jinja ni ndefu mno kwa ajili ya trei ya miche, Kituo cha Kilimo cha Kyanja kinachoendeshwa na Mamlaka ya Jiji la Kampala hufundisha wakaazi kilimo cha mjini, pamoja na namna ya kulima kwenye magunia na maeneo madogo, na inafaa kuanzia huko. Kwa walio Jinja, Bugembe na hata Njeru ng'ambo ya mto, maoni yangu ni kwamba miche ya kitalu hiki ni bora kuliko yoyote niliyowahi kupanda, ushauri ni bora kuliko miche, kazi ya matuta inastahili fedha yake, na udongo mweusi usiununue hata ukipewa bure. Nenda na kalamu yako ya wino usiofutika, uandike mwenyewe jina la aina kwenye kila trei kabla ya kuondoka. Risiti hawatoi. Nenda Jumamosi kabla ya saa tatu asubuhi, kwani baada ya hapo waendesha bodaboda wa wateja wakubwa huwa wamekwisha kubeba trei nzuri, na Jumatatu hubaki miche iliyorefuka kivulini ambayo Mama mwenyewe atakuambia uiache.

Agosti alinioteshea Red Creole kwa ajili ya mvua za Septemba, miche 200, na imekwisha kushika tutani. Pakiti ya vitunguu vya dada yangu sikurudi nayo nyumbani siku ile ya kwanza. Mama aliiomba kwa sababu ya picha yake, akaibandika kwenye nguzo iliyo karibu na meza ya kulipia, na kila nikienda pale namkuta mteja mmoja akiuliza vitunguu hivyo vitapatikana lini.